Sura ya Kompyuta ya Mama Kerttu

Jumamosi ile maktaba kuu ya mji wa Tampere ilijaa watu waliokumbatia kompyuta zao kuukuu kama wanaopeleka paka kwa daktari. Mfumo wa kompyuta waliouzoea ulikuwa umeachwa kuhudumiwa na wenyewe, na wapenzi wa Linux, mfumo huria, walijitolea kuwawekea huo bure. Saimi Rautio, mshonaji wa mavazi ya maigizo, aliingia na koti la mvua la manjano, miwani imejaa ukungu, akamgonga mtu kwa mkoba. Kahawa ya mtu huyo ikamwagikia sweta yake ya kijivu iliyotoboka kiwiko.

"Usijali," alisema mwenye sweta. "Ilikuwa inasubiri kufuliwa tangu Krismasi."

Huyo alikuwa Osmo Kivelä, mmoja wa waliojitolea. Saimi alimweleza kuwa kompyuta ni ya mama yake, Kerttu, mwenye miaka sabini na tisa na mikono inayotetemeka. Kila Jumapili mama huyo huitumia kuzungumza na dada yake aliyeko Luleå, ng'ambo ya mpaka.

Osmo akamwonyesha kwamba Linux huja na sura nyingi, na mtu huchagua mwenyewe madirisha, menyu na vitufe vikae vipi. Sura iitwayo Xfce ilikuwa nyepesi, haina mbwembwe. Nyingine, Plasma, ilikubali kurembwa upendavyo.

"Ungenichagulia ipi mimi?" Saimi aliuliza.

"Wewe ushajiremba kwa manjano. Mimi niongeze nini?"

Saimi alicheka, akainamisha uso. Alisema anadhani mama atapenda ile nyepesi. Osmo akamwomba amwachie yeye, na Saimi akaacha kompyuta pamoja na namba ya simu.

Osmo aliipamba kwa siku nne. Alichagua Plasma, akaweka ziwa la asubuhi nyuma ya madirisha, na akapanga kwamba mshale ukigusa pembe yoyote ya skrini, madirisha yote yajikunje na kujipanga kama karata. Kusema kweli alikuwa akimpambia Saimi. Siku ya kuirudisha walikunywa kahawa kwa mikate ya iliki kando ya maporomoko ya mto, na tangu hapo simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?" Osmo aliuliza.

"Supu ya samaki. Nimekubakishia, ila ukichelewa utakuta kichwa tu."

Zikapita wiki sita tamu. Kisha dada yake Kerttu akampigia Saimi simu kutoka Luleå, akauliza kama Kerttu anaumwa, maana Jumapili tano hawajazungumza. Saimi alikwenda kwa mama yake, akaikuta kompyuta kabatini, imefunikwa shuka. Kerttu akasema kwamba vitu vilikuwa vinakimbia kila alipovigusa, na hakutaka mtu ajue kuwa akili imeanza kumtoka.

Saimi alimpigia Osmo akiwa bado ngazini.

"Mkono wake ukitetemeka, mshale unagusa pembe. Hukulifikiria hilo?"

"Hilo linazimwa kwa dakika moja, Saimi. Nikija—"

"Mama yangu amekaa wiki tano akidhani anarukwa na akili. Ulichagua kwa ajili yako."

Saimi akakata simu. Osmo alipiga tena siku tatu mfululizo, haikupokelewa. Siku ya nne akaacha kumpigia Saimi, akampigia Kerttu, akaomba radhi, akauliza kama anaweza kuja. Kerttu alimjibu kwamba mlango uko wazi.

Safari hii hakugusa kitu. Aliketi pembeni ya bibi huyo alasiri tatu, akamwacha ajaribu sura moja baada ya nyingine, akitazama mkono unakwenda wapi na unakwama wapi. Kerttu akachagua Xfce, mstari wa menyu ukae chini, maandishi makubwa, pembe zisifanye lolote, na kitufe kimoja kinene cha kumwita dada yake.

"Hii inanisubiri," alisema.

Jumapili Saimi alipofungua mlango kwa ufunguo wake alisikia vicheko. Mama alikuwa akibishana na dada yake kuhusu chachu ya mkate wa shayiri, na Osmo alikuwa jikoni akiosha vikombe, mikono ya shati imekunjwa.

"Nani kakuita?" Saimi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimuomba mama mwenyewe. Ulisema kweli, nilichagua kwa ajili yangu. Nisamehe."

Saimi alichukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe. Alifika cha nne.

"Mama hajacheka hivyo tangu baba afe," alisema. "Nimekukumbuka sana, Osmo."

Osmo aligeuka, povu likimdondoka vidoleni. "Nataka tuishi pamoja. Sijapanga wapi wala lini. Nakuuliza wewe."

"Kwangu," Saimi alisema. "Kuanzia kesho."

Sebuleni Kerttu akamwambia dada yake anyamaze kidogo, kuna jambo analisikiliza.