Ramani Mbili, Pazia Moja

“Baba Pacha, nani huyu anayekuandikia: ‘Kesho saa nne, chumba kile kile. Usimwambie mtu’?”

Mumewe akainyakua simu. “Wa kazini.”

“Kumbe kiwandani siku hizi mnakutana vyumbani!”

Mumewe akaitia simu mfukoni. Mama Pacha akarudi kwenye cherehani. Sindano ilikuwa kama inamchoma yeye, si gauni la mteja.

Asubuhi akamfuata kwa mbali. Mumewe akaipita njia ya kiwandani kama haijui, akaingia kwenye jengo la ofisi. Mama Pacha alipofika mlangoni, dada mwenye miwani akamdaka.

“Wewe ndiye umekuja badala ya mwenzake huyu baba aliyeingia sasa hivi? Yule anaumwa.”

“Ndiyo,” akadanganya, Mungu amsamehe.

Dada akamweleza upesi: watu wawili, pazia katikati, kila mtu na ramani yake. Mmoja amechorewa njia, mwingine hana. Waongee mpaka asiye nayo aichore. “Tunachunguza jinsi watu wanavyosaidiana kuelewana.”

Akakaa, kalamu mkononi.

“Karibu, ndugu yangu,” sauti ya mumewe ikatoka ng’ambo ya pazia. “Mbele yako unaona nini?”

Miaka kumi ya ndoa, hajawahi kumuuliza hivyo! Akaibana sauti.

“Kisima.”

“Vizuri. Pita kushoto kwake mpaka darajani.”

“Kwangu hakuna daraja.”

“Hakuna? Nisamehe, nilidhani unaona ninachokiona mimi. Tuanze upya. Baada ya kisima una nini?”

Uvumilivu ukamwishia.

“Nina mume anayeniaga anakwenda kiwandani, kisha haendi!”

Kiti kikaburutwa.

“Mama Pacha?”

“Endelea kunielekeza. Nimepotea.”

“Nilipunguzwa kazini, mwezi wa pili huu. Niliona aibu, nikaja hapa kwa posho kidogo. Halafu ukaacha kuniuliza habari za kazi, nikadhani umeshajua.”

“Niliacha kwa sababu hukuwa unajibu! Na huyo wa saa nne?”

Dada wa miwani akakohoa. “Ni mimi, mama. Tunawakataza kuzungumzia ramani nje mpaka tumalize. Halafu… mnarekodiwa.”

“Rekodi tu, mwanangu.”

Mama Pacha akalivuta pazia. Mumewe alikuwa ameinama, ramani imelowa jasho la viganja. Mkewe akasogeza kiti, wakatazamana.

“Simu weka mezani. Haya, Baba Pacha, anzia siku waliyokupunguza. Na usiruke hata kona moja. Nikiona kwangu hakuna daraja, nitakwambia.”