Malkia na Kidege

Soko la Majengo Jumamosi asubuhi halina adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Scolastika alikuwa anachagua zabibu, gauni lake la kitenge cha kijani limemkaa sawasawa, mara bunda la turubai likamgonga mgongoni na zabibu zote zikamwagika.

"Kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada, turubai limeyafunika. Nisamehe sana."

Chini ya turubai akatokea kijana mrefu, kofia pana kichwani, tabasamu la kumkera mtu aliyekasirika. Alikuwa Pantaleo, mpima ardhi. Aliinama akaokota, akanunua zabibu nyingine, na alipoulizwa turubai la nini akajibu kwamba anampelekea fundi cherehani, ashone tanga la boti anayotaka kununua.

"Boti? Dodoma hii ambayo hata maji ya bomba yanakuja kwa zamu?"

"Bwawa la Mtera lipo. Na upepo wa bure tunao kuliko mji wowote."

Scolastika alicheka mpaka akajishika kiuno, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa ameshatoa namba ya simu. Yeye alikuwa karani wizarani kule Mtumba, mtoto wa Chang'ombe ya hapohapo Dodoma, maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni. Lakini kila jioni simu ya Pantaleo ilipoita, moyo ulimruka.

"Umekula, mama?"

"Nitakulaje na maneno yako yamenishibisha?"

"Basi nikuongezee. Mzee Bartolomayo wa Mtera anauza boti moja kati ya zake mbili. Nikiipata, naomba likizo ndefu, naipakia kwenye lori mpaka Kigoma, nalizunguka Ziwa Tanganyika zima. Kulala humo, kupika humo!"

Safari hiyo Scolastika alishaiota usingizini. Kasoro ilikuwa moja: Pantaleo hakuwahi kusema anakwenda na nani. Naye ni binti wa watu, hajipendekezi. Alingoja kualikwa.

Hatimaye wakaenda Mtera kuchagua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hizo hapo. Msizigombanishe tu."

Boti iliyoitwa Malkia ilikuwa nyeupe, pana, ina vyumba viwili, jiko la gesi, magodoro na kioo. Kidege ilikuwa nyembamba, ya buluu, rangi imeanza kubanduka, vitanda kama mabenchi ya shule.

"Panta, njoo uone! Hadi kabati la vyombo!" Scolastika alikuwa ameshahamia Malkia moyoni.

Pantaleo alizijaribu zote. Malkia ilikata mawimbi kwa heshima, hata chai kikombeni haikumwagika, ila kuigeuza kulitaka mmoja ashike usukani na mwingine avute kamba kwa nguvu zake zote. Kidege iliruka kama mbuzi, ikawalowesha wote, lakini ukiigusa tu, inageuka. Pantaleo aliikagua kamba kwa kamba, uso umemkunjika, maswali ya Scolastika akiyajibu nusunusu.

Scolastika akaenda kunawa miguu. Aliporudi alimsikia akimwambia mzee, "Nachukua Kidege. Malkia inataka watu wawili. Hii, mtu mmoja tu anatosha."

Kumbe! Anakwenda peke yake. Njia nzima ya kurudi alitazama vichaka.

"Mbona kimya, mpenzi?"

"Jua."

Siku zilizofuata simu iliita mpaka ikachoka. Alipoipokea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Skola, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mtu mmoja anatosha, si ndivyo ulivyomwambia mzee? Safari njema."

Pantaleo akacheka.

"Usinicheke, Pantaleo!"

"Najicheka mwenyewe, mama. Njoo Mtera Jumamosi. Ukiondoka huko na hasira zako, sitakupigia tena."

Scolastika akaapa haendi ng'o. Jumamosi aliamka kabla ya jogoo, akajaribu magauni matatu, akaishia kuvaa jinzi na fulana nyekundu ili asionekane amejipamba. Midomo tu ndiyo iling'aa.

Bwawani upepo ulikuwa wa kupeperusha kofia. Pantaleo alimkalisha kwenye usukani wa Kidege, akamwonyesha kamba ya kukaza na ya kulegeza. Hasira ilitaka kukaa, lakini boti ilipoinama na kuchomoka, Scolastika alijikuta anapiga vigelegele.

Ghafla Pantaleo akatupa dumu la njano majini.

"Mtu kaanguka! Mimi ndiye hilo dumu. Ningeruka mwenyewe, ila mamba wa humu hawajui utani."

"Sasa nifanyeje? Panta! Linakwenda!"

Pantaleo alikunja mikono tu. Scolastika akausukuma usukani, tanga likavuka juu ya vichwa vyao, boti ikageuka. Akalipita dumu kwa kasi mno. Akajilaani, akageuza tena, macho yamemlowa, safari hii akalegeza kamba mapema. Boti ikapunguza mwendo. Akainama, akalidaka dumu kwenye mshikio, akalikumbatia.

"Malkia ungeigeuza peke yako?" Pantaleo aliuliza taratibu.

"Nisingeweza."

"Basi ningezama unanitazama. Yule mtu mmoja niliyemtajia mzee ni wewe, Skola. Anayesafiri peke yake haulizi boti itageuzwa na nani akianguka, maana hana wa kumrudia."

"Na ulishindwa nini kuniambia siku ile?"

"Niliogopa. Hujui kuogelea. Ningekualikaje kwenye maji kabla sijapata boti unayoiweza?" Akavua kofia. "Nataka nikuoe, twende wote. Washenga waje kwenu lini?"

Scolastika alimtazama. Akamsukumia lile dumu kifuani, maji yakimtiririka mikononi, akarudi kwenye usukani na kukaza kamba.

"Tupa tena."

"Skola, nimekuuliza washenga..."

"Nimesikia. Waje Jumapili. Lakini mara ya kwanza nilikupita, Panta, na sikubali kuolewa na mtu ambaye bado naweza kumpita. Tupa!"