Neno Moja kwenye Simu ya Mama

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Bertha Kalinga alikaa kwenye kigoda jikoni akiwasomea watu simu zao. Katika darasa la sita pale Idodi hakukuwa na wa kumshinda Kiingereza, na majirani walilijua hilo. Aliyetumiwa ujumbe asiouelewa, aliyenunua dawa ya mimea yenye maelezo ya kigeni, wote walipiga hodi kwa mama yake. Bertha alisoma, akaeleza, nao wakaondoka wakimsifu. Alizizoea sifa hizo kiasi kwamba hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwambia mtu, "Sijui."

Jumanne moja ujumbe ulitoka hospitali mjini Iringa. Bibi yake alikuwa akisubiri kupasuliwa ili aondolewe mawe ya nyongo. Kwa miezi minne hakuwa anakula vizuri, na maumivu yalipomjia alijikunja huku ameshika mbavu.

"Soma basi, mwanangu," alisema mama, akimpa simu. Majirani wawili waliokuwapo walinyamaza ili wasikie.

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Patient must fast before operation. Thursday, 8 a.m."

Neno "fast" Bertha alilijua tangu darasa la tatu. Ni haraka. Mwalimu aliwafundisha na maneno ndugu zake, "quick", "rapid" na "swift", na kwenye jaribio aliyapata yote. Lakini hapa sentensi haikukaa sawa. Mgonjwa afanye haraka kabla ya upasuaji? Haraka ya nini? Kamusi ilikuwa ndani ya begi lake la shule, hatua tatu tu kutoka pale. Alitaka kuinuka, akaona majirani wanamtazama.

"Ni Alhamisi saa mbili asubuhi," alisema. "Wanasema mgonjwa awahi, asichelewe."

Jumatano walisafiri, wakalala kwa ndugu yao mjini Iringa. Alhamisi alfajiri mama alimpa bibi uji wa ulezi na viazi vitamu viwili ili apate nguvu. Saa moja na nusu walikuwa hospitalini. Mama alikwenda kupanga foleni dirishani na kadi ya bima, akamwacha Bertha na bibi kwenye benchi.

Muuguzi mmoja, Nesi Rukia, aliwafuata akisukuma kiti cha magurudumu. "Kamwene, bibi," alisalimia. Bibi alifurahi, akamjibu kwa Kihehe maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu.

"Mimi najua salamu peke yake," Nesi Rukia alicheka, akamgeukia Bertha. "Mwanangu, bibi amefunga?"

"Amefunga nini, Nesi?"

"Amefunga kula. Si mlipata ujumbe? Tuliandika 'fast'. Mgonjwa asile kitu chochote tangu usiku."

Bertha alikumbuka alfajiri ile. Aliuona uji, akaviona viazi viwili, akayaona macho ya majirani jikoni.

"Ndiyo," aliisikia sauti yake ikijibu. "Amefunga."

Bibi alitabasamu, hakuelewa kilichosemwa. Nesi Rukia aliweka alama kwenye karatasi, akamsaidia kukaa kwenye kiti, akamsukuma ndani. Mlango ukafungwa.

Mwanamke aliyekaa jirani alimsogelea Bertha. "Afadhali nyie mmefuata masharti. Wa kwangu wiki iliyopita alikunywa chai, wakamrudisha. Wanasema ukilazwa kwa nusu kaputi na chakula tumboni, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Mtu anaweza kufa hivihivi."

Bertha aliuangalia mlango. Alimtazama mama kule kwenye foleni. Mama alikuwa akizungumza na mtu wa nyuma yake, na alipoyaona macho ya mwanawe alimwelekezea kidevu kwa fahari. Bertha alijua kwamba habari zinazosimuliwa ni zake, jinsi anavyosoma Kiingereza. Akienda kule, atamwaibisha mama mbele za watu. Akigonga mlango, atajulikana kuwa mwongo. Akikaa hapo alipo, bibi yuko ndani.

Mlango ulifunguka. "Mwanangu, njoo," aliita Nesi Rukia. "Daktari wa usingizi, Dokta Othmani, anataka kumuuliza bibi mwenyewe. Wewe utamtafsiria."

Bibi alikuwa amelala kitandani, amevaa gauni la kijani. Dokta Othmani alisema taratibu, "Muulize bibi, tangu jana usiku amekula au amekunywa nini?"

Bibi alimtazama mjukuu wake, akisubiri. Bertha aliona kwamba angeweza kumuuliza chochote kwa Kihehe, kama amelala vizuri, kwa mfano, naye bibi angejibu, kisha yeye akasema hakula kitu, na hakuna mtu mwingine mle ndani ambaye angejua. Wazo hilo lilimtisha kuliko mlango, kuliko foleni, kuliko kitu chochote.

"Daktari," alisema, machozi yakimtoka, "amekula. Uji na viazi viwili, leo alfajiri. Nesi aliniuliza nikadanganya. Ujumbe niliusoma mimi, nikasema ni haraka."

Nesi Rukia aliitazama karatasi yake, akaifuta ile alama. Kisha Dokta Othmani alifunika trei ya sindano. "Leo hatumfanyii. Atalala hapa, tutamfanyia kesho."

Mama aliitwa, akaelezwa. Hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi. "Kwa hiyo neno lenyewe hukulijua?"

"Nililijua, Mama. Nililijua kwa maana moja."

"Na Nesi alipokuuliza?"

Bertha alimgeukia bibi, akamweleza yote kwa Kihehe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chakula cha mchana kitaruhusiwa. Lakini jioni maumivu yalimrudia, akajikunja ameshika mbavu, na Bertha alikaa pembeni akimpangusa jasho, akijua bibi anateseka siku hii ya ziada kwa sababu yake.

Ijumaa bibi alipasuliwa salama. Jumatatu akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Nesi Rukia akawapa karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. "Soma, mama asikie," alisema.

Bertha alianza vizuri, kisha akasimama kwenye neno "dressing".

"Nesi, hili mimi nalijua kwenye nguo. Lakini bibi abadilishe nguo kila baada ya siku mbili? Naona halikai. Sijui."

"Hapo ni bandeji ya kidonda," alijibu Nesi Rukia. Aliinama wakawa macho kwa macho. "Sikia, Bertha. Hilo neno 'fast' tu, ni haraka, ni kufunga kama tunavyofunga sisi Ramadhani, na hata rangi ya kitambaa isiyochuja wanaiita hivyohivyo. Nani atayajua yote? Mimi nina miaka kumi na tisa katika kazi hii na bado nauliza. Kutojua si kosa. Kosa ni kukisia, ukawaambia watu kana kwamba una hakika, halafu ukiulizwa ukafunika kwa uongo. Neno ungeliuliza, lingekuchukua dakika moja. Uongo ule ungeweza kutuondolea bibi."

"Nimeelewa, Nesi. Nisamehe."

Mama alikuwa amesimama karibu wakati wote huo, amemshika bibi mkono. Sasa alimsogezea Bertha karatasi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mstari unaofuata. Na ukikwama, tuambie."