Taya la Khairat

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Khairat alimsaidia bibi yake, Bi Time, kutandaza majamvi uani na kuanika karafuu. Kisha alikaa pembeni akidurusu sura ya Yasin. Mama yake, Asya, alikuwa amefariki karibu mwaka mzima sasa, na Ijumaa ile ingesomwa hitima yake hapo nyumbani kwao Wingwi. Khairat aliomba mwenyewe aisome Yasin kwa sauti mbele ya watu. Aliona hilo ndilo jambo pekee alilobaki nalo la kumfanyia mama yake.

Lakini taya lilikuwa limeanza ukorofi. Mwanzo lilialika tu, likitoa mlio mdogo, upande wa kulia, karibu na sikio, kila alipopiga mwayo. Baadaye likauma alipotafuna muhogo, na siku nyingine mdomo ulifunguka nusu ukakwama. Khairat hakumwambia mtu. Angesema, angepelekwa hospitali, na hospitali ndiko mama yake alikoingia kwa miguu yake akarudi amebebwa. 

Basi akajiganga mwenyewe. Watu wazima wakiumwa jino hubana karafuu mdomoni, naye akadhani ni jino. Akawa anachota karafuu jamvini na kuzitafuna upande ule ule unaouma, nyumbani, njiani, hata darasani. Ganzi ya karafuu ikamdanganya kuwa anapona. Masikini mtoto, hakujua kwamba alizidi kukichosha kiungo kilichotaka kupumzika.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, watu wakajaa ukumbini. Khairat akafungua msahafu, akasoma aya tatu vizuri. Ya nne, taya likagoma. Alijaribu tena, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, na machozi yakaanza kumtiririka. Binamu yake Shadya akaupokea msahafu taratibu, akaendelea. Khairat alilia mpaka wageni wakaondoka, na siri yake yote akamweleza bibi.

Jumatatu Bi Time alimpeleka hospitali. Mlangoni Khairat aling'ang'ania buibui la bibi yake, hataki kuingia. Daktari Nadhira alipoelezwa habari ya mama wa Khairat, hakumharakisha mtoto. Alivuta kiti, akaketi mbele yake na kumwonyesha mikono mitupu.

"Leo hakuna sindano wala koleo," alisema. "Nitagusa hapa mbele ya masikio tu. Ukitaka niache, inua mkono."

Daktari alipomgusa, Khairat aliinua mkono palepale, si kwa maumivu, bali kuona kama ni kweli. Daktari akaacha, akangoja. Hapo moyo ukamtulia kidogo. Daktari alilipapasa taya likifunguka na kufungika, akauliza mtoto hulala vipi. Bi Time akasema tangu msiba ule anasaga meno usingizini. Daktari akawaeleza kwamba meno ni mazima. Kinachouma ni kiungo cha taya, kimechoshwa na kusaga meno na kutafuna karafuu. Dawa yake ilikuwa kitambaa cha maji ya moto, vyakula laini, mazoezi madogo ya kufungua mdomo, na karafuu marufuku.

Wiki tatu baadaye taya lilikuwa bado linaalika, ila mdomo ulifunguka. Safari hii hapakuwa na wageni. Khairat alikaa na bibi yake chumbani, akaisoma Yasin polepole mpaka mwisho, wakamwombea Asya dua. Kisha akauliza kwa nini madaktari wapole kama yule hawakuweza kumponya mama.

Bi Time aliuweka msahafu kando.

"Mamako alichelewa kufika," alisema. "Alikuwa na woga kama wako. Aliumwa miezi mitatu akanificha, na nilipojua, mie nikamchemshia majani, nikamwacha na woga wake. Nilikuwa naogopa vilevile. Najuta, mwanangu, na majuto yangu hayamrudishi."

Khairat akamwegemea. Bi Time akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, ingawa yake mwenyewe yalikuwa yakimwagika.

"Kuogopa si kosa," akasema. "Kosa ni kuyaficha maumivu. Weye ukiumwa, niambie siku ile ile, twende sote na woga wetu."