Jiwe la Avelina

Haya yalimkuta rafiki yangu Laurenti wa Njombe, enzi za Mwingereza. Alikwenda Makambako kununua mafuta ya taa, akarudi na gramafoni kuukuu na santuri ya nyimbo za Wazungu wa mashambani: gitaa moja tu, na mwanamume akiimba kama analia.

“Lugha yake siijui,” aliniambia, “lakini yule naye kafiwa.”

Kwao mke akifariki, jiwe lake la kusagia hulazwa kifudifudi. La mkewe Avelina lililazwa siku aliyozikwa.

Mchana ule ukungu uliitia nyumba giza. Laurenti akaipiga santuri. Nyuma ya gitaa akasikia jiwe likisaga, taratibu, kama alivyosaga mkewe. Santuri ikaisha. Kusaga kukaendelea, jikoni.

“Avelina,” aliita, “usiache.”

Kukanyamaza.

Alipoingia jikoni alilikuta jiwe limegeuzwa, uso juu. Juu yake palikuwa na unga wa ulezi, bado una joto.