Maji ya Mgongo na Ng'ombe wa Mugeta

Soko la Musoma, mwaka tisini na mbili, belo la mitumba likifunguliwa, hapakuwa na mheshimiwa. Watu waliovaa viraka miaka yote ya uhaba sasa walikuwa wanajilipizia. Katika msukumano huo koti moja la kijani likashikwa na watu wawili kwa mpigo. Upande mmoja alikuwa Pastory, fundi redio wa mtaa wa Nyakato, kijana mrefu mwenye vidole vilivyoungua kwa lehemu. Upande wa pili alikuwa Hyasinta, fundi cherehani wa palepale sokoni, amevaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, nalo lilimkaa hasa.

"Dada, hili koti la kiume," Pastory akasema.

"Na mimi nina baba. Kwani yeye siyo mwanaume?"

Pastory akaliachia. Simlaumu, maana lile gauni lingemwachisha mtu hata ng'ombe. Baada ya hapo akawa analeta suruali zipunguzwe wakati hazikuwa na urefu wa kupunguzwa, na Hyasinta akawa anamcheka na kumwambia miguu yake inafupika kila wiki. Krismasi ilipokaribia, ng'ombe wa mahari walitoka kwa kina Pastory, Butiama, wakaenda Mugeta kule Bunda, kwa mzee Stanislausi, baba yake Hyasinta. Mzee aliwapokea akiwa ndani ya koti la kijani. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Kabla ya Kwaresima miguu ya Hyasinta ilianza kufa ganzi. Jicho moja likaingia ukungu, uzi ukawa unapita pembeni ya sindano. Mchana mmoja, akiwa mtaani Nyakato, alipepesuka, akashika ukuta, akaukosa, akaangukia meza ya nyanya. Aliyemwona ni Dorkas, shangazi yake Pastory, mwanakwaya mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Kwa shangazi Dorkas, msichana anayepepesuka mchana kweupe ana maana moja tu. Jioni habari ilishafika Butiama kwamba mchumba wa Pastory anakunywa gongo.

Pastory alimfuata kuuliza, akauliza vibaya.

"Hyasinta, kumbe unakunywaga?"

Hyasinta, ambaye hata yeye hakujua kinachomtafuna, alikunja futi yake ya kupimia, akafunga cherehani, akarudi Mugeta. Pastory alipaswa kumkimbilia. Akabaki na kiburi chake, akitengeneza redio za watu.

Mzee Stanislausi alimpeleka binti yake hospitali ya rufaa Mwanza. Huko daktari alimlaza ubavu, akamchoma sindano mgongoni, akatoa maji ya uti wa mgongo, mengine yakapelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yaliporudi alielezwa bila kuzungushwa. Maji yale yalikuwa na alama za uvimbe, protini za kinga nyingi kuliko inavyotakiwa. Kinga ya mwili wake ilikuwa imegeuka, inakula ganda la mishipa yake ya fahamu. Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, ni nadra huku kwetu, hauambukizi wala si laana. Dawa ya kutuliza uvimbe ipo, ya kuponya ugonjwa wenyewe haipo. Mishipa imechubuka kama waya, daktari akasema, na hapo Hyasinta akamkumbuka Pastory na waya zake, akalia.

Kiburi hakipikwi kikalika. Pastory alituma neno kwa kondakta wa basi, kwamba Jumamosi Hyasinta angojee simu Posta ya Bunda. Yeye akapanga foleni Posta ya Musoma mpaka zamu yake ikafika.

"Mpenzi, nisamehe. Rudi."

"Usinipigie tena, Pastory. Baba atarudisha ng'ombe wenu."

"Umepata mwingine?"

Hyasinta akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema ukweli, na Pastory akauchukua ukimya ule kuwa jibu.

Uchumba ukivunjika ng'ombe hurudi, na waliozaliwa pia. Mzee Stanislausi hakuwa mtu wa kudhulumu. Aliwaswaga kwa miguu mpaka Butiama, pamoja na ndama aliyezaliwa kwake. Hyasinta akaja kwa basi, kwa sababu alitaka kuaga kwa mdomo wake.

Pastory, aliyekuwa ameitwa nyumbani siku hiyo, aliliona kwanza lile koti la kijani, nyuma ya ng'ombe. Kisha akamwona Hyasinta kwenye gauni la njano, amekonda, ameshika fimbo. Hasira yote aliyoitunza tangu Posta ikamwisha.

"Huyo uliyempata ndiye anakuacha utembee na fimbo?"

"Sijapata mtu. Nilitolewa maji ya mgongo Mwanza, wakakuta uvimbe. Mishipa ya fahamu inaharibika. Siku ile Nyakato sikuwa nimelewa, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Leo natembea. Mwakani sijui, na daktari naye hajui."

Shangazi Dorkas, aliyekuwa akipepeta ulezi pale uani, akauweka ungo chini.

"Mbona hukuniambia?" Pastory akauliza.

"Sitaki unioe kwa huruma. Fungua zizi, baba apumzike."

Pastory hakusogea. Hyasinta akaenda langoni mwenyewe, akalishika gogo la kufungia zizi, vidole vyenye ganzi vikateleza. Akajaribu tena. Pastory akamfuata, kila mtu akadhani anakwenda kumsaidia kuinua. Akaweka kiganja juu ya mkono wa Hyasinta, akaligandamiza gogo palepale lilipo.

"Siwapokei hawa ng'ombe," akasema. "Ulikuwa unaumwa, mimi nikakuuliza upumbavu. Ukishindwa kutembea nitakubeba, redio nitatengenezea nyumbani. Hiyo siyo huruma. Bila wewe hata kula nimeshindwa. Unanitaka au hunitaki?"

"Nakutaka," Hyasinta akasema. "Tangu koti."

Mzee Stanislausi akaketi juu ya jiwe, akavua viatu, akasema haya yote wangeambiana kwenye simu na yeye asingetembea kutoka Mugeta. Akaomba uji.

Asubuhi ng'ombe wakageuzwa kurudi walikotoka. Pastory na Hyasinta walikwenda kituo cha basi wameshikana mikono, kwa mwendo wa Hyasinta. Fimbo aliibeba shangazi Dorkas, nyuma yao.