Siku Chiriku Alipopiga Kofi Peke Yake

Kila asubuhi, kabla hata maji ya chai hayajachemka, nyumba ile iliamshwa na nyundo. Baba alikuwa fundi bati. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya dirisha la chumba cha watoto, na humo alitengeneza ndoo, masanduku na mabirika. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko! Majirani walishazoea. Hata paka alishazoea. Aliyeshindwa kuzoea ni binti mkubwa wa fundi, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye watu walimwita Chiriku kwa sababu aliimba na kusema kutwa nzima.

Chiriku alipenda sauti zote duniani isipokuwa hiyo moja. Jioni alipokaa kufanya hesabu, nyundo ilimtawanyia tarakimu zote kichwani. Lakini angemwambiaje baba aache kazi inayowalisha? Basi akajitafutia dawa mwenyewe. Alinyofoa sponji kwenye godoro lililochanika, akaiviringa, akaziba masikio yote mawili. Dunia ikanyamaza, na hesabu zikaenda vizuri.

Mama alimwona. "Toa hivyo vitu! Sikio si mfuko wa kutilia takataka."

"Nimetoa, Mama."

Alitoa kweli, ila kesho yake akarudia. Akaendelea hivyo kwa siri, mpaka jioni moja alipovuta sponji ikakatika, na kipande kikabaki ndani ya kila sikio. Akachukua njiti ya kiberiti ili avichokoe. Badala ya kutoka, vikazama zaidi. Alipooga, maji yakaingia na sponji ikavimba. Tangu hapo alisikia watu kana kwamba wote wanazungumza wakiwa wamejifunika blanketi.

Mtu mwenye busara angesema siku hiyo hiyo. Chiriku hakusema, na sababu yake ilikuwa moja tu. Wanamuziki watatu kutoka nchi ya mbali walikuwa wanakuja shuleni, na mwalimu wa muziki alimchagua yeye awaongoze wenzake. Katika muziki wa wageni hao, wasikilizaji hawakai tu kama magunia. Katikati ya wimbo ala zote hunyamaza ghafla. Mpiga fidla hugonga ubao wa fidla yake kwa kidole, taratibu, mara tatu. Hapo watu wote hupiga kofi moja kubwa na kupaza sauti: "Hei!" Anayewaongoza husimama akiwatazama wenzake, mgongo wake ukiwa kwa wanamuziki. Kazi yake yote ni kusikiliza.

"Nimekuchagua kwa sababu hakuna mwenye masikio makali kama yako," mwalimu alimwambia.

Baada ya sifa kama hiyo, nani angetaka kusema kwamba masikio hayo yamezibwa na godoro? Nafasi ingekwenda kwa Mrefu, rafiki yake wa dawati moja, aliyekuwa akiitamani waziwazi. Chiriku akaona heri kunyamaza. Sponji itatoka yenyewe, alijiambia, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sponji ina miguu.

Nyumbani mambo yalianza kumharibikia. "Nakuita mpaka koo linakauka!" mama alifoka. "Masikio yanakuuma?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini mpaka husikii? Umepewa nchi uitawale?"

Shuleni nako Mrefu alimshangaa. "Mbona siku hizi unanitazama midomo?"

"Kwani ni marufuku?" Chiriku alijibu kwa ukali, akageuka. Alichoka kubahatisha kila neno. Alichoka pia kukasirika, lakini hasira haikumwisha.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa pomoni. Mzee mmoja alishika fidla, mama mnene mwenye kicheko alishika filimbi ndefu ya mti, na kijana akakumbatia kinanda cha mikono, kile cha kukunjua na kukunja. Chiriku akapanda jukwaani, akawapa wanamuziki mgongo na kuwatazama wenzake.

Filimbi ilipolia mara ya kwanza, watoto walishtuka. Kisha wakacheka, maana hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Kisha miguu ikaanza. Kitinda, mdogo wake Chiriku wa darasa la pili, alisimama juu ya benchi akirukaruka. Nyuma yake darasa zima lilikuwa likiyumba huku na huku, na mpishi wa shule alisimama mlangoni akitikisa mwiko. Chiriku aliyaona yote hayo. Aliona meno, mabega na viatu vikicheza, lakini yeye muziki ulimfikia kama mngurumo wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Ilimuuma kama kutazama watu wanakula nyuma ya kioo.

Akaamua kutumia macho. Watoto wakitulia, alijiambia, basi ala zimenyamaza, na ndiyo wakati wenyewe. Mara nyuso zote zikatulia. Chiriku akapiga kofi kwa nguvu. "Hei!"

Alikuwa peke yake. Watoto walikuwa wametulia kwa sababu fidla ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba na ya kupendeza, na yeye alikuwa ameikatiza katikati. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee wa fidla akatabasamu kwa upole, akaanza tena.

Mara ya pili Chiriku akangoja. Akangoja mno. Watoto wakamkodolea macho, wengine wakimnyooshea vidole, na bado akangoja. Mrefu, aliyekaa mstari wa mbele, alishindwa kuvumilia. Akapiga kofi, na ukumbi mzima ukamfuata: "Hei!" Tangu hapo hakuna aliyemtazama Chiriku. Wimbo baada ya wimbo watoto walimfuata Mrefu, wakiruka na kucheka, hata wageni wenyewe wakaanza kucheza.

Chiriku alimkasirikia Mrefu. Akamkasirikia baba na nyundo yake. Akaikasirikia fidla kwa kugonga kinyonge. Mwisho, kwa kuwa hapakubaki mwingine wa kumkasirikia, akajikasirikia mwenyewe. Akashuka jukwaani na kutoka nje.

Alikuwa ameinamia bomba la maji alipohisi mkono begani. Ni mwalimu wa muziki.

"Nimekuita tangu mlangoni, hukugeuka. Chiriku, unanisikia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini safari hii ulimkwama. "Sisikii vizuri, Mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilitia sponji masikioni, ikakwama. Niliogopa ungempa Mrefu nafasi yangu."

Mwalimu hakumgombeza. Alimwita mama yake Chiriku, na mama na binti wakaenda zahanati moja kwa moja. Muuguzi akasikiliza habari yote ya sponji na njiti, akamulika kwa tochi, akamwambia Chiriku atulie, kisha kwa kikoleo chembamba akatoa kipande cha kwanza, halafu cha pili. Vilikuwa vimebadilika rangi na vinanuka.

"Njiti ingesogea kidogo tu, ungetoboa ngoma ya sikio," muuguzi alisema. "Kitu kikiingia sikioni, usikichokoe. Sema, uletwe hapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na muziki tu. Shukuru."

Njiani Chiriku alisikia kandambili za mama zikipiga chapa-chapa, akatamani kucheka. Lakini walipopita shuleni, ukumbi ulikuwa mtupu. Wageni walikuwa wameshaondoka, na muziki wao hauwekwi kiporo. Akalia tena, na safari hii alijisikia akilia.

Walipokaribia nyumbani wakakuta kelele uani. Kitinda na wenzake walikuwa wamepanga ndoo na mabirika ya baba. Mmoja alipuliza mdomo wa birika, mwingine alikwaruza bati kwa kijiti, na Kitinda aliimba kwa maneno ya nchi ambayo haipo. Furaha yote ya ukumbini walikuwa wameibeba hadi nyumbani, na baba walishamfundisha mchezo wa wageni.

Mama alimweleza baba yaliyotokea. Fundi akabaki ameshika nyundo.

"Kwa nini hukuniambia kwamba nakusumbua, mwanangu?"

"Niliogopa, Baba. Nyundo ndiyo inayotulisha."

"Nyundo haijigongi yenyewe. Mpini uko mkononi mwangu." Akaiweka chini. "Jioni naweza kupima, naweza kupaka rangi, kazi zisizo na kelele ziko tele. Ukiwa na shida, sema mapema, hata kama unaona aibu. Mtoto anayeficha, mzazi atamsaidiaje?"

"Nimekosa, Baba."

"Haya. Geuka, uwatazame wenzako."

Chiriku akageuka. Kitinda akapandisha wimbo, birika likalia, bati likakwaruza, kisha wote wakanyamaza ghafla. Nyuma yake, baba akagonga kitako cha ndoo kwa ukucha, taratibu, mara tatu.

Chiriku alizisikia zote tatu. Akapiga kofi, na uani pote pakaitikia: "Hei!"